Toni za Mwaloni: Kiha, Kirundi na Kivietinamu



Mwalo wetu wa Kibirizi hupokea samaki, na pamoja nao majina ya samaki. Mgebuka wetu, kule Bujumbura ni mukeke. Dagaa wetu kwao ni ndagala. Jozi hiyo ya pili si ya bahati. Weka njaa ya Kiswahili kando ya inzara ya Kirundi, makaa kando ya amakara, utaona mwenendo ule ule: Kiswahili kimeangusha konsonanti iliyokuwa katikati ya irabu mbili, jirani yake ameibakiza. Sauti hubadilika kwa utaratibu, wala si kwa uzembe wa wasemaji.

Ndivyo ilivyo kwa toni. Kibantu cha kale kilikuwa na toni mbili, ya juu na ya chini. Kiswahili kimezipoteza, kikabaki na mkazo ambao karibu daima huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kiha chetu na Kirundi, ndugu wanaoelewana bila mkalimani, wamezitunza. Kwa Kirundi inda ni tumbo, na inda ni chawa. Karatasi haitofautishi, sikio ndilo linaloamua. Kubwa zaidi liko kwenye kitenzi: tendo la karibuni na tendo la zamani huweza kuandikwa kwa herufi zile zile, toni ikawa ndiyo inayosema ni lini. Hapo toni ni sarufi kamili.

Asia ya Kusini Mashariki ina lugha zenye toni nyingi kuliko zetu. Kithai kina tano, Kivietinamu cha kaskazini sita: silabi ma, ikibadilishiwa toni, huwa mzuka, mama, lakini, kaburi, farasi au mche wa mpunga. Lakini kitenzi cha Kivietinamu hakinyumbuliki hata kidogo. Hakina kiambishi cha nafsi wala cha wakati. Yaliyopita huonyeshwa kwa neno la pembeni, đã. Kivietinamu kina hata kitu kinachokaribia ngeli. Samaki ni con cá, kwa kuwa con hutangulia wanyama, na cái hutangulia vitu. Ila con haidai upatanisho, ilhali kwetu dagaa wakiwa wazuri, sifa na kitenzi vyote hufuata.

Linalonivutia kuliko yote ni hili: Kikhmer cha Kambodia ni cha familia moja na Kivietinamu, lakini hakina toni. Mwaka 1954 Mfaransa André-Georges Haudricourt alieleza sababu. Toni za Kivietinamu zilizaliwa pale konsonanti za mwisho wa silabi zilipopotea, kisha mabadiliko ya konsonanti za mwanzo yakazigawa zaidi. Kule ndugu mmoja alizipata. Huku Kiswahili kilizipoteza. Anayeiona toni kuwa dalili ya lugha duni hana pa kusimama.

Kamusi ya Alexandre de Rhodes, iliyochapishwa Roma mwaka 1651, iliziwekea toni za Kivietinamu alama, na Wavietinamu wanaandika kwa alama hizo hadi leo. Kirundi cha kawaida huandikwa bila alama. Kwa Kiha, naomba tusiige jirani katika hili. Si lazima kila silabi ibebe alama. Tuanze na vitenzi, ambako toni hubeba wakati. Na kabla hatujaamua alama zikae wapi, tuwarekodi wazee wa Kasulu, Kibondo na Buhigwe pamoja na wa hapa Kibirizi, wakisimulia habari za leo na za zamani kwa Kiha chao wenyewe.