Ukingo wa Njia ya Gari

Neno letu la leo latoka Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, aya ya 8. Ni aya ambayo wengi wetu wahubiri huipita upesi tukielekea nyingine. Lakini kabla hatujaifikia, tuwaeleze habari ya gari dogo.

Watoto wetu wa kando ya Mto Tana hujitengenezea magari yao. Mtoto huokota waya, mkebe na vifuniko vya chupa, akaunda gari, kisha akalitia usukani wa waya mrefu, akaliendesha huku akikimbia nyuma yake. Dereva wa namna hiyo huona kila kilicho mbele, maana yu papo hapo. Basi likizo ya Agosti 2024 kijana mmoja aliletewa na mjomba wake kutoka Mombasa gari la betri, la kuendeshwa kwa rimoti. Hili lina mbio, na dereva wake huketi mbali, chini ya mwarobaini. Vijana walifagia uwanja ulio kando ya kanisa, wakachora njia yenye kona saba. Siku ya kwanza gari liliruka kona, likamgonga mguuni msichana mdogo aliyeketi ukingoni kutazama. Halikumwumiza sana, lakini damu ilitoka.

Vijana wale hawakumfukuza mtoto. Walianza kujenga ukingo.

Kwanza walitumia udongo wa mfinyanzi, wakaufanya mfupi mno. Gurudumu likikutana na ukuta usiofika nusu ya kimo chake, hupanda tu; ndivyo gari lilivyofanya. Wakauinua. Jua la Garsen likaukausha, ukapasuka, ukawa unamomonyoka kila ukigongwa. Wakaleta vipande vya matofali. Hivyo havikumomonyoka, ila gari lilivunjika mdomo likalazimika kutiwa gundi. Mwishowe kijana mmoja anayemsaidia fundi wa baiskeli alileta tairi kuukuu. Wakazikata, wakazisimamisha kwa ubavu, wakazishikiza kwa vijiti, na penye kona wakapanga safu mbili. Tairi hukubali kidogo, kisha hulirudisha gari njiani. Tulikuwa tumesimama pale tukitabasamu, tukamwuliza mmoja, "Mwalinda gari lisivunjike?" Akajibu, "Hapana, Mchungaji. Gari tutalitia gundi. Huu ni wa hawa wadogo."

Watu wazima wamejifunza jambo hilo kwa gharama kubwa. Tarehe 11 Juni 1955, katika mashindano ya magari ya Le Mans, Ufaransa, gari moja liligonga tuta la udongo lililokuwa kati ya njia na watazamaji. Vipande vyake viliwarukia watu, na zaidi ya 80 wakafa. Uswisi ikapiga marufuku mashindano ya namna hiyo kwa miaka mingi. Na sisi Wakenya, tunaopenda kusimama penye kona kabisa kutazama Safari Rally, tusiwashangae Wafaransa.

Sasa twende kwenye aya yetu. Musa anawaambia Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya, aijengee dari ukuta wa kando, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Waliopata kufika Lamu watakumbuka nyumba za kale za mawe zenye dari bapa. Katika nchi ile pia watu walipanda darini, wakapunga upepo, wakaanika kitani, kama tusomavyo habari za Rahabu. Mwenye nyumba anajua dari yake inapoishia, hata gizani. Mgeni hajui. Tena angalieni: torati haiulizi aliyeanguka ni nani, alifuata nini huko, wala kama alikuwa mwangalifu. Inamtazama mwenye dari. Na watu walioambiwa hayo walikuwa bado ng'ambo ya Yordani. Hawakuwa na hata nyumba moja katika nchi waliyokuwa wakiiendea, na Mungu alikwisha kumfikiria mtu atakayeanguka kutoka juu yake.

Tuliyasoma hayo kwa moyo mzito, na sababu yake ni hii. Ule udongo wa vijana ulitoka katika shimo letu. Mwaka 2022 tulichimba udongo wa matofali nyuma ya kanisa, tukaliacha shimo wazi. Likaja mafuriko ya mwisho wa 2023, yakaja na ya Aprili na Mei 2024, shimo likajaa maji. Katika kumbukumbu za halmashauri yetu imeandikwa mara mbili kwamba litazungushiwa ua fedha zikipatikana. Fedha zilipatikana. Tulinunua vipaza sauti.

Alasiri moja katika likizo ile ile, mtoto wa miaka minne aliwafuata wale vijana wakienda kuchota udongo. Akateleza, akazama. Kijana wa baiskeli alijitupa majini akamtoa. Mtoto akatapika maji, akalia, akaishi. Mama yake alikuja mbio, mama wa Kiorma auzaye maziwa, wala si wa kanisa letu. Waliokuwapo Tana Delta mwaka 2012, Wapokomo na Waorma walipouana, wataelewa kwa nini magoti yetu yalitetemeka. Hakutulaumu. Aliuliza tu habari za kiatu kimoja cha mtoto kilichobaki majini.

Tulikuwa na la kujitetea. Mto Tana ulishinda hata matuta ya mradi mkubwa wa mpunga wa delta, katika El Niño ya 1997 na 1998. Nani basi angetulaumu sisi kwa maji? Lakini jioni ile kijana mmoja alituuliza kwa adabu, "Mchungaji, mbona njia ya gari ina ukingo na shimo la kanisa halina?" Maji aliyaleta mto. Shimo tulilichimba sisi, kwa majembe yetu, tukala na chai tulipomaliza.

Kesho yake hatukungoja halmashauri. Tulikata nguzo za mathenge, tukazungushia shimo lote, tukaziba kwa matawi yenye miiba. Yule kijana alizunguka akiukagua ua wetu, akausukuma kwa mguu, akasema upande wa mashariki ni mfupi, mtoto ataupanda. Tuliuinua. Kisha tulikwenda nyumbani kwa yule mama, tukakiri mbele ya mumewe na wazee wao kwamba kosa lilikuwa letu. Walitupa maziwa. Kiatu hatukukipata.

Kuna shimo lingine nyuma ya soko. Kila tunayemwuliza asema si lake. Jumamosi, saa mbili asubuhi, tutakuwa pale pamoja na vijana wetu na mume wa yule mama. Aliye na panga na aje nalo. Mathenge ni mengi. Bwana awe nanyi.