Alama Iliyoko Mlangoni Petu
Hotuba iliyosomwa katika ukumbi wa hekalu wakati wa maadhimisho



Tuliombwa tuzungumze juu ya picha na utamaduni, yaani jinsi watu wanavyoambiana mambo kwa macho bila kufungua kinywa. Mada hiyo ni pana, na wenye elimu kuliko sisi wameiandikia vitabu. Sisi tumeona afadhali tuanzie kwenye lango la hekalu hili, kwa sababu hapo ndipo tulipopata somo tusilolitarajia.

Mtakumbuka kwamba lango lilipakwa rangi upya kwa ajili ya sherehe hizi. Fundi aliyeifanya kazi hiyo ni jirani yetu, mzaliwa wa mtaa wa pili kutoka hapa, aliyepita mbele ya lango hilo tangu akiwa mtoto wa kutumwa dukani. Alipofika juu ya mlango, penye ile alama nyekundu yenye mikono minne iliyopinda, alisita. Akashuka ngazi, akatuuliza kwa adabu kama aitie rangi upya au aifute. Tulipotaka kujua kwa nini aifute, alisema ameiona katika filamu za vita. Na kwamba miaka yote hiyo alidhani mababu zetu walikuwa upande wa Hitler, ila hakupenda kutuudhi kwa kutuuliza.

Tulicheka. Kisha kicheko kikatuishia. Tumeishi na majirani hawa vizazi kadhaa, tumezikana na kualikana harusini, na muda wote huo tumewapitisha chini ya alama ambayo hatukuwahi kuwaeleza. Lawama ilikuwa yetu.

Yaliyotupata si mageni katika pwani hii. Tazameni kanga ambazo akina mama wengi wamejifunga leo. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Katika mji wa kanga nyingi, au katika pembe zake, mtaliona umbo kama tone la maji lenye ncha iliyojikunja. Mwulizeni mama wa Mombasa au wa Unguja, atawaambia bila kufikiri kwamba hiyo ni korosho. Nyanya zetu waliotoka Gujarat waliliona umbo hilohilo katika sari zao wakaliita embe. Waajemi huliita boteh, na wao huona mmea. Waingereza wamelipa jina la Paisley, mji wa Uskoti ambao katika karne ya 19 ulifuma shali za kuigiza zile za Kashmir. Na mkorosho wenyewe, ambao mama wa pwani anauona wazi katika nguo yake, si mti wa asili wa hapa. Ulitoka Brazil ukaletwa na Wareno. Umbo ni moja, majina ni manne, na kila mwenye jina yuko tayari kubishana hadi magharibi.

Lakini watu wa pwani walifanya jambo la busara ambalo sisi hatukulifanya langoni petu. Hawakuiachia picha ijisemee. Chini yake waliandika jina, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi. Mfanyabiashara wa Mombasa mwenye asili ya Bara Hindi, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana zaidi kwa jina la Abdulla na ambaye biashara yake ilianza mwaka 1887, hutajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeanzisha desturi hiyo. Tangu hapo anayetaka kumpasha jirani yake hana haja ya kugombana naye. Hujifunga kanga akapita mbele ya kibaraza chake.

Hata ndani ya hekalu mambo ni hayohayo. Wanafunzi waliotutembelea walisimama mbele ya sanamu ya mama Lakshmi, na mtoto mmoja akauliza kwa nini anatuambia tusimame. Alikuwa akiutazama mkono ulioinuliwa, kiganja kikielekea mbele. Kwake huo ni mkono wa askari wa barabarani. Kwetu mkono huo husema: usiogope. Mikono miwili ya nyuma imeshika maua ya yungiyungi, ua linaloota katika tope na kuchanua juu ya maji bila kuchafuka. Mkono mwingine umeelekezwa chini, nao unatoa. Wengi huuliza kiumbe gani huyu mwenye mikono minne. Msanii hakukusudia kuonyesha maungo ya mwili. Alikuwa na maneno manne ya kusema kwa pamoja, na kila neno akalipa mkono wake.

Turudi mlangoni. Alama ile huitwa swastika, neno la Kisanskriti lililotokana na su, yaani njema, na asti, yaani kuwapo. Kwa Kiswahili hatujapata tafsiri bora kuliko neno moja tu: heri. Imeonekana katika mihuri ya miji ya kale ya bonde la mto Indus, na Wajaini na Wabudha wanaitumia kama sisi. Hata Ethiopia, katika makanisa ya Lalibela yaliyochongwa ndani ya mwamba, umbo hilo limo katika madirisha, wala waliolichonga hawakuwa Wahindu. Wale wenu waliokulia karibu na maduka ya Kigujarati huenda wamekwisha kuiona bila kujua: wakati wa Diwali mwenye duka hufungua daftari jipya la hesabu, na kabla ya kuandika deni la mtu yeyote huchora swastika kwa unga mwekundu katika ukurasa wa kwanza, akaandika na maneno mawili, heri na faida. Heri hutangulia.

Mwaka 1920 chama cha Wanazi kilifanya umbo hilo kuwa nembo yake, na mwaka 1935 bendera yake ikawa bendera pekee ya taifa la Ujerumani. Chini ya bendera hiyo waliuawa Wayahudi wapatao milioni sita, na watu wengine wengi mno. Hapa tunapenda kusahihisha jambo ambalo hata sisi wenyewe tumekuwa tukiwaambia wageni. Husemwa kwamba yetu hugeukia kulia na ya Wanazi kushoto. Si kweli. Zote mbili hugeukia kulia. Ya Wanazi mara nyingi imesimamishwa kwa pembe, nyeusi, ndani ya duara jeupe. Ya mlangoni petu imekaa wima, nyekundu, na katika kila nafasi kati ya mikono yake pana nukta moja. Tofauti ni hizo, nazo ni ndogo kwa mtu anayepita kwa mwendo wa gari. Tofauti iliyobaki imo katika matumizi na katika kumbukumbu za watu.

Halmashauri ilijadiliana jioni tatu. Vijana wetu waliosoma Ulaya walishauri tuiondoe. Mmoja alisimulia jinsi alivyowatumia wenzake wa chuo picha ya harusi ya dada yake, na baadhi yao wakanyamaza, hawakumjibu tena. Wengine walikumbusha kwamba mwaka 2007 Ujerumani ilipotaka alama za Kinazi zipigwe marufuku katika Umoja wa Ulaya mzima, Wahindu wa Uingereza waliitetea swastika yao, na pendekezo hilo likaachwa. Mzee mmoja alisema aliyeibiwa hatakiwi kubadili jina la mali yake kwa sababu mwizi aliitumia vibaya. Tulimwelewa. Hata hivyo hatukuweza kumwambia mtu aliyepoteza jamaa zake chini ya bendera ile kwamba asishtuke akiona umbo hilo. Mshtuko wake nao una haki.

Tuliamua alama ibaki, na ubavuni mwa lango, kwenye kimo cha macho ya mtoto, ukutani pawekwe vigae vyenye maelezo kwa Kiswahili na Kigujarati: jina lake, maana yake, na sentensi moja inayotaja bila kuficha yale waliyoyafanya Wanazi kwa umbo hilo. Mzee yuleyule hakuridhika. Alisema alama inayohitaji maelezo imekwisha kufa. Tulimjibu kwa mfano wa kanga, akatabasamu, lakini kura yake haikubadilika, na tumeona ni haki msimamo wake utajwe katika kitabu hiki.

Maneno ya Kiswahili tuliyaandika mara ya kwanza sisi wenyewe, yakawa marefu na ya kujitetea. Tulimsomea fundi wetu. Akayafuta zaidi ya nusu, akasema mpita njia hana muda wa kusimama kusikiliza kesi. Yaliyobaki ndiyo mtakayoyaona mkitoka.

Tumechelewesha chai, na tunaomba radhi. Baada ya chai akina mama watachora maua ya unga wa rangi kizingitini pa lango, nao wametenga nafasi upande wa barabarani kwa yeyote atakayependa kuchora la kwake, liwe embe au korosho. Kesho jioni yote yatakuwa yamekwisha kukanyagwa, maana ndivyo yanavyokusudiwa. Waleteni watoto mapema, kabla giza halijaingia.