Shukrani kwa Aliyekiacha Kiti



Wahenga walinena kwamba asiyeshukuru kwa kidogo, hata kwa kikubwa hatashukuru. Leo tumesimama mbele yenu kutoa shukrani iliyochelewa. Twamshukuru Bwana Peter Eigen, mwanasheria Mjerumani aliyeasisi shirika la Transparency International, akawa mwenyekiti wake tangu 1993 hadi 2005, kisha akakiacha kiti na kuhamia katika baraza la washauri. Huenda mkauliza: yatuhusu nini sisi Wakenya, habari za Mjerumani na shirika lenye makao yake Berlin? Yatuhusu sana, kwa kuwa mbegu ya kazi ile iliota hapa Nairobi.

Tangu 1988 hadi 1991 Bwana Eigen alikuwa hapa, mkurugenzi wa Benki ya Dunia katika kanda ya Afrika Mashariki. Miaka hiyo haisahauliki. Mwaka 1988 wananchi walipanga foleni nyuma ya wagombea katika uchaguzi wa mlolongo, na milolongo mifupi ikatangazwa kuwa mirefu. Siku ya kwanza ya 1990 Mchungaji Timothy Njoya alisimama mimbarini akahoji utawala wa chama kimoja, ilhali tawala za namna hiyo zilikuwa zikiporomoka Ulaya Mashariki. Julai mwaka huo damu ikamwagika siku za Saba Saba. Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa. Wakati wapenda mageuzi wakidai uhuru wa kuchagua, yeye aliona upande mwingine wa dhuluma ile ile: miradi mikubwa isiyomfaa mwananchi, iliyopitishwa kwa sababu kampuni za ng'ambo ziliwahonga wenye kalamu, na deni likaachiwa wajukuu.

Alipopendekeza ndani ya Benki kwamba uovu huo ukabiliwe, alijibiwa kwamba ufisadi ni siasa, na Benki haijihusishi na siasa. Angaliweza kunyamaza. Alikuwa na cheo, na kunyamaza kungalimletea pensheni tulivu. Badala yake aliondoka, na 1993, pamoja na wenzake wachache, akaasisi Transparency International. Miongoni mwa waasisi hao alikuwamo Mkenya mwenzetu, mhasibu Joe Githongo. Kwa hiyo tusidhani kwamba tuliletewa jambo hili kama msaada wa kigeni. Mkono wetu ulikuwamo tangu mwanzo.

Ni lipi hasa tunalomshukuru kwalo? Kwanza, alikataa uongo kwamba ufisadi ni maradhi ya Mwafrika. Rushwa ina mpokeaji na ina mtoaji. Enzi zile sheria ya Ujerumani, nchi yake mwenyewe, iliiruhusu kampuni iliyohonga nje kuandika hongo hiyo kuwa gharama ya biashara na kupunguziwa kodi. Mwizi wa hapa alikuwa na mshirika kule, na mshirika yule akipewa nafuu na serikali yake. Shirika lake halikukoma kulikemea jambo hilo hadi nchi tajiri zilipotia sahihi mkataba wa OECD wa 1997 dhidi ya kuwahonga maofisa wa nchi nyingine. Mkataba ulianza kutumika 1999, na mwaka huo huo Ujerumani ikaifuta nafuu ile. Benki nayo, iliyosema kwamba hayo ni siasa, ilimsikia rais wake, James Wolfensohn, akiuita ufisadi saratani mwaka 1996.

Pili, alitupa kioo. Tangu 1995 shirika lake huchapisha orodha ya nchi kwa jinsi ufisadi wake unavyoonekana, na Kenya ilipoingizwa 1996 ilijikuta mkiani. Watawala walikasirika, lakini kioo hakipasuki kwa hasira ya anayejitazama. Tawi la Kenya lilipoundwa 1999, likiongozwa na John Githongo, mwana wa yule mhasibu, kioo kikaletwa hadi mitaani. Uchunguzi wake wa 2002 ulionyesha kwamba mkazi wa mjini alitoa rushwa mara 16 kwa mwezi kwa wastani. Tarehe 9 Desemba 2003 Kenya ikawa nchi ya kwanza duniani kutia sahihi na kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Ufisadi.

Hata hivyo, ndugu zetu, sahihi si uponyaji. Februari 2005, huyo huyo John Githongo, aliyekuwa ameitwa serikalini kupambana na ufisadi, alijiuzulu akiwa ng'ambo kwa sababu ya kashfa ya Anglo Leasing. Naye David Munyakei, karani wa Benki Kuu aliyefichua wizi wa Goldenberg, alipoteza kazi, akatunukiwa na Transparency International ya Kenya 2004, na akafariki 2006 akiwa fukara. Shukrani yetu kwa Bwana Eigen itakuwa maneno matupu ikiwa tunawasahau wa nyumbani waliolipa gharama kubwa kuliko yake.

Sasa tuje kwenye kile kiti. Mwaka 2005 uenyekiti ulikwenda kwa Bi. Huguette Labelle wa Kanada, na mwasisi akawa mshauri. Hilo linaonekana dogo, lakini sisi tulioishi miaka 24 chini ya rais mmoja twajua uzito wake. Kitabu cha Kutoka chatueleza habari za Yethro, mkwe wa Musa. Alimwona Musa akilemewa na mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni, akamshauri agawe kazi kwa watu waaminifu wasiopenda mali ya dhuluma. Kisha Yethro akarudi nchini kwake. Hakubaki akitoa amri nyuma ya pazia. Mshauri husema akaondoka, na mwenye kazi huamua.

Basi tuuchukue mfano huu hadi katika vyama vyetu, vikundi vyetu vya haki na amani, na kamati za makanisa yetu. Hatuwezi kumdai rais aheshimu mihula miwili, na huku mwenyekiti wetu hana muhula. Katiba ya kila kikundi itaje kipindi cha uongozi. Mrithi aandaliwe mapema. Hesabu zisomwe mbele ya wanachama. Na anayekuwa mshauri asiendelee kutia sahihi hundi, maana hapo kiti kitakuwa kimebadilika jina tu.

Kuacha kiti si kuacha kazi. Kati ya 2006 na 2011 Bwana Eigen aliongoza mpango wa kimataifa wa kuzitaka kampuni za mafuta na madini zitangaze zinacholipa serikali. Tangu mafuta yalipogunduliwa Turkana 2012, swali hilo ni letu pia, na halimngojei mgeni kuliuliza.

Bwana Eigen, twakushukuru. Nasi tuliosalia shambani, jembe hili tulishike, na tujue siku ya kulikabidhi.

Mungu aibariki Kenya.