Umbali wa Njia na Saa za Safari: Mombasa hata Nairobi

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo msafiri hudhani alijua, kumbe halijui: safari kutoka Mombasa hata Nairobi yachukua muda gani?

Zamani wapagazi waliikata njia hiyo kwa miguu, majuma mengi, wakipita nyika ya Taru isiyo na maji. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, majuma yakawa siku. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 1917 na mia moja zaidi, yaani 2017, imeifanya siku kuwa saa tano hivi. Na ndege je?

Kwa mstari ulionyoka angani, miji hii imeachana kilomita 440 hivi. Kwa barabara ni kama 480, kwa kuwa barabara hupinda na ndege haipindi. Mwanafunzi atasema, “Ndege kubwa huenda kilomita 800 kwa saa, basi dakika 33 zatosha.” Kugawanya amegawanya vema, lakini amesahau kwamba ndege haianzi kwa mbio zake zote. Hutambaa chini kwanza, hupanda, kisha hupunguza mwendo ili itue. Kwa hiyo safari huhesabiwa kuwa saa moja hivi.

Tena saa hiyo si safari nzima. Yapasa kutoka nyumbani, kufika kiwanjani mapema, kukaguliwa, kungoja, na baada ya kushuka kuingia mjini. Mlango kwa mlango, saa moja huweza kuwa nne.

Lakini liko kosa kubwa kuliko hayo. Jirani yetu mmoja aliitwa Mombasa, baba yake yu mahututi. Watoto wake wakamnunulia tikiti iliyoandikwa 07:00. Yeye akasoma saa saba, akaenda kiwanjani mchana. Ndege ilikuwa imekwisha kuondoka saa moja asubuhi! Akapanda basi usiku, na alfajiri alipofika alikuta watu wamekaa matangani. Baba amezikwa jana yake alasiri.

Ndugu zetu, tikiti huhesabu tangu saa sita usiku, nasi twahesabu tangu macheo. Basi ukiona tarakimu kati ya 07:00 na 18:00, toa sita: 07:00 ni saa moja asubuhi, 14:00 ni saa nane mchana. Zikiwa 19:00 na kuendelea, toa kumi na nane: 20:00 ni saa mbili usiku. Zikiwa kati ya 01:00 na 06:00, ongeza sita: 03:00 ni saa tisa usiku.

Nanyi wanafunzi, wasomeeni wazee tikiti zao kwa sauti, wala msione haya kurudia mara mbili. Ndege huweza kufupisha njia. Saa iliyosomwa vibaya hairudi.