Mfalme Aliyeomba Kweli

Twawasalimu kutoka Ibaba, katika milima ya Ileje, ambako asubuhi hii ukungu ungali umelala juu ya mashamba.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 22, twasoma habari za Ahabu, mfalme wa Israeli, aliyetaka kwenda kupigana huko Ramothi ya Gileadi. Aliwakusanya manabii wapatao mia nne, nao wote wakamwambia aende, atashinda. Alibaki mmoja tu, Mikaya mwana wa Imla, ambaye mfalme alikiri waziwazi kwamba anamchukia, kwa kuwa hajapata kumtabiria jema. Mjumbe aliyetumwa kumwita alimsihi njiani aseme kama wenzake. Mikaya alipofika akasema kama wenzake kweli, na hapo ndipo penye ajabu: mfalme alikasirika! Alimtaka aseme kweli tupu. Basi Mikaya akaisema, nayo ilikuwa habari ya kifo. Mfalme akaamuru atiwe gerezani, apewe mkate kidogo na maji kidogo.

Ahabu aliomba kweli kwa kinywa chake mwenyewe. Tena aliiamini, maana alikwenda vitani amejigeuza mavazi ili asitambulike. Mtu asiyeamini hajifichi. Mshale uliopigwa kwa kubahatisha ukampata.

Ndugu wapendwa, sisi nasi twasema kila siku kwamba twataka kuambiwa kweli. Je, twaitaka? Tutwae jambo moja tunalolijua sote. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Watu wa huko waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikiuzwa na wafanyabiashara wa mpakani. Baadaye herufi za jina lake zikageuzwa mzaha wa vilabuni. Hata leo twasema fulani ana ngoma, fulani amekanyaga miwaya. Kila jina twalitumia isipokuwa jina lenyewe. Rais Benjamin Mkapa aliutangaza kuwa janga la taifa siku ya mwisho ya mwaka 1999, yaani miaka kumi na sita tangu Kagera. Miaka kumi na sita ni muda wa mtoto kuzaliwa, kukua na kuchumbiwa.

Wazee wetu walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kwetu sisi hata kilio chenyewe kimejifunza kuficha. Tunakiri mbele yenu kosa letu wenyewe. Katika parokia moja tuliyohudumu zamani, mbali na hapa, tulimzika kijana aliyekuwa akifanya kazi Tunduma, pale malori yanapokesha kungoja kuvuka kwenda Zambia. Wasifu wake ulisomwa: aliugua kifua kwa muda mfupi. Tulijua kwamba si muda mfupi, wala si kifua tu. Mjane alikuwa ameketi mbele yetu, mtoto mchanga mgongoni. Tulihubiri juu ya ufufuko, tukanyunyiza maji ya baraka, tukala chakula cha matanga, tukaondoka. Tulikuwa mmoja wa wale mia nne.

Tusidhani hayo ni ya vijijini tu, au ya watu wasiosoma. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi, na ndani yake walikuwamo viongozi na wenye elimu kubwa. Hatumhukumu mzee yule, aliyefariki mwaka 2021. Mungu ndiye ajuaye moyo wake. Bali twauliza kuhusu wale waliorudi nyumbani wakaziacha dawa zao za hospitali. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamechoka kuibeba kweli peke yao, wakaambiwa kwamba wanaweza kuitua.

Na hapa hatukubaliani na wahubiri wasemao kwamba watu wetu ni waoga, basi. Mwanamke akirudi kutoka kupima akasema kweli, huweza kufukuzwa na mumewe, na shamba likachukuliwa na wakwe. Mikaya alilipa kwa gereza. Anayeona gereza limeandaliwa hujifunza kunyamaza, nasi tunaomlaumu ndio wenye funguo.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba kweli tunayoikimbia imekwisha kubadilika. Mwaka 1985 kuambiwa una virusi kulikuwa kuambiwa kifo. Tangu mwaka 2004 dawa zilianza kutolewa bure nchini. Leo mtu anayezitumia ipasavyo, hata virusi visionekane katika kipimo cha damu, haviambukizi kwa mwenzi wake. Na mama aliye katika dawa huzaa na kunyonyesha mtoto mzima, isipokuwa mara chache. Hata hivyo, utafiti wa taifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima mia moja wenye virusi, wapatao kumi na saba walikuwa hawajui. Mkulima wa viazi wa hapa Ibaba akiona majani yanapiga weusi, hasubiri mavuno ndipo aulize. Kwa viazi tuna ujasiri.

Yule mjane tulimrudia, baada ya wiki tatu za kukosa usingizi. Tulimwomba radhi, kisha tukamwambia tulichokijua. Alinyamaza kitambo kirefu. Akasema, "Baba, nilikuwa nangoja mtu aniambie. Nilidhani mnaona haya kwa ajili yangu." Ametupa ruhusa kulisimulia hili bila jina. Tuliandamana naye kwenda kupima, pamoja na katekista na mkewe, ili asionekane anakwenda peke yake. Yeye alikutwa navyo. Mtoto hakuwa navyo. Wakati wa kurudi, mke wa katekista ndiye aliyembeba mtoto njia nzima, akapita naye sokoni katikati ya watu, mchana kweupe.