Nyumba Kwanza, Nyoka Baadaye

Msikilizaji, mwezi uliopita dada yangu alinipigia simu kutoka Leicester, sauti imemkauka. Mwanawe wa miaka 14 anataka kufuga nyoka. "Kaka, zungumza na mpwa wako, mimi nimeshindwa." Mimi na dada tumekulia Tanga. Nyoka akionekana uani, kilichofuata kilikuwa kelele, kisha fimbo. Sasa mtoto aliyezaliwa Uingereza anamwomba mama yake nyoka huyohuyo alale chumbani kwake.

Nilipanda treni kutoka London nikijua nakwenda kumkatalia. Nikarudi nimekubaliana naye, kwa sharti moja: nyumba ya nyoka ianze, nyoka afuate baada ya wiki mbili.

Sharti hilo halikutoka hewani. Rafiki wa shule wa mpwa wangu alinunua nyoka na kasha lake siku moja. Walitandika mkeka wa joto wa umeme chini ya kasha, wakauchomeka moja kwa moja ukutani, bila thamostati ya kuuzima joto linapozidi. Juu ya mkeka huo wakaweka kibanda kimoja cha nyoka kujificha. Baada ya siku chache magamba ya tumbo yalikuwa yamegeuka kahawia na kutoka malengelenge. Yule kijana alinionyesha picha huku analia. Alikuwa akimpenda nyoka wake, na hakuna aliyekuwa amemweleza.

Mtu atauliza: nyoka anaungua, mbona hasogei? Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Nyoka hana joto lake mwenyewe la mwili. Akitaka kusaga chakula huenda penye joto, akizidiwa huenda penye ubaridi, na akikaa kwenye baridi na panya tumboni, panya yule humshinda akamtapika. Maisha yake yote ni kuhamahama huko. Lakini nyoka pia ni mnyama mwoga, na mara nyingi huchagua kujificha kabla ya kuchagua raha ya mwili. Ukimpa maficho mamoja tu, tena juu ya moto, umemlazimisha achague kati ya hofu na kuungua. Yule nyoka alichagua kuungua.

Kwa hiyo vibanda viwe viwili, vinavyofanana, kimoja upande wa joto na kingine upande wa ubaridi, vyembamba kiasi kwamba akijikunja mbavu zake ziguse kuta. Hilo kwangu ni kubwa kuliko urembo wote wanaouza madukani.

Nyoka tuliyemchagua ni yule Waingereza wanayemwita nyoka wa mahindi. Asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani, hana sumu, na wanaouzwa huku kwa kawaida wamezaliwa kwa wafugaji, hawakutolewa porini. Akikomaa hufika kama mita 1.2 hadi 1.5, na anaweza kuishi miaka 20. Nilimwambia mpwa wangu ahesabu: nyoka huyu huenda akawa bado hai yeye akiwa na miaka 34. Kizimba tulichonunua ni cha mbao chenye milango ya kioo mbele, urefu sentimita 120, ili nyoka atakapokua aweze kujinyoosha. Mbao hutunza joto kuliko kioo kitupu, na baridi ya huku si ya mchezo.

Upande mmoja tukafunga taa ya joto, tukaizungushia waya wa kinga asije akajiviringisha kwenye balbu. Taa inaongozwa na thamostati. Pale anapoota joto pawe nyuzi 30 hadi 32 za Selsiasi, na upande wa pili usizidi 24. Vipimajoto viwili, kila upande chake, kwa sababu kiganja cha mkono hakipimi nyuzi.

Halafu mianya. Nyoka mchanga hupita penye tundu lenye upana wa penseli. Tundu la kupitishia waya nyuma ya kizimba tuliliziba kwa sponji ngumu, milango tukaitia kufuli. Bakuli la maji liwe zito, lisipinduke. Chini tandika karatasi za jikoni kwa wiki za mwanzo, uweze kuona choo chake. Baadaye maranda ya mbao ya kununua dukani, lakini yasiwe ya mwerezi, mafuta yake humdhuru. Na kizimba kimoja, nyoka mmoja.

Mpwa wangu ana mdogo wake wa miaka mitatu. Nyoka hubeba bakteria wa salmonela hata akiwa mzima kabisa, hivyo mtoto wa umri huo hamshiki, na mkubwa akimaliza kumshika ananawa kwa sabuni. Bakuli la nyoka halioshwi kwenye sinki la vyombo. Dada aliposikia hilo ndipo alipoanza kunisikiliza kweli.

Kwa ninyi mnaotusikiliza Kenya na Tanzania, nyoka wa porini ni mnyamapori mbele ya sheria, humfugi bila kibali, na naomba msimtie yeyote kwenye chupa mkamleta nyumbani. Anayetaka kumwangalia kwa karibu aende Snake Park ya Nairobi, au Meserani karibu na Arusha. Huku England na Wales, nyoka wa mahindi hahitaji leseni, lakini Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 inambana mwenye mnyama kumpa makazi yanayomfaa, sawasawa na mwenye mbwa.

Basi kizimba kikawashwa kikiwa kitupu. Mpwa wangu akafungua daftari: vipimo asubuhi, jioni na kabla ya kulala. Siku ya nne kukatokea jambo. Saa kumi na mbili asubuhi upande wa ubaridi ulikuwa umepanda hadi nyuzi 29, na taa imezimika. Tulihangaika na thamostati bure. Kumbe kizimba kiliegemea ukuta wenye bomba la kupasha nyumba, na bomba huanza kupata moto alfajiri. Nyoka angekuwamo, asingekuwa na pa kukimbilia. Tukakihamishia ukuta wa pili.

Nyoka bado yuko kwa mfugaji. Mpwa wangu haamki mapema, kwa hiyo vipimo vya asubuhi anavisoma dada yangu kabla hajatoka kwenda kazini, kisha ananitumia kwenye simu. Leo ameandika: "Kulia 31, kushoto 23. Kibanda cha kushoto nimekisogeza kidogo, kilikuwa kimekaa upande."