Kabla Hatujachangia Piano Mpya
(Maneno ya Katibu wa Kwaya)

 

Katika bajeti ya yubilei mliyogawiwa kuna mstari unaosema "piano mpya". Sababu iliyotolewa ni kwamba hii ya dijitali tuliyo nayo inafunika maneno ya nyimbo. Lalamiko hilo ni la kweli. Akina mama wanaoketi viti vya nyuma wameniambia zaidi ya mara moja kwamba mlio wanausikia, tunachoimba hawakisikii. Lakini kabla hatujafungua mifuko, naomba tuiangalie ikwalaiza.

Sauti yoyote ni mitetemo. Noti A inayotumika kulinganisha vyombo hutetema mara 440 kwa sekunde, yaani hezi 440. Kwenye piano yenye vibonyezo 88, noti ya chini kabisa ni hezi 27.5 na ya juu kabisa hufika karibu 4,186. Kazi ya ikwalaiza ni kupunguza au kuongeza sehemu moja tu ya mitetemo hiyo. Kitufe cha volyumu hupandisha yote kwa pamoja, ndiyo maana hakijatusaidia.

Sasa, sauti ya nne huimba takriban kati ya hezi 80 na 330, na mkono wa kushoto wa mpiga piano hushinda humo humo. Kwenye hezi 200 hadi 400 vitu vikirundikana, sauti huwa nzito kama ya mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Herufi kama "s", "t" na "k", zinazomwezesha msikilizaji kutofautisha neno na neno, husikika juu zaidi, kuanzia kama hezi 2,000. Kwa hiyo tuipunguze piano desibeli 3 au 4 pale palipo pazito, badala ya kupandisha trebo ya kila kitu. Vijana wetu wa mitambo hupenda kuinua besi na trebo hadi vitufe vichore mdomo unaocheka. Kwa redio ya nyumbani inapendeza. Humu ndani besi ile huzunguka kutani na kumfuata mwimbaji.

Tena ukumbi hubadilika. Jumapili watu wakijaa, nguo na miili yao hunyonya sauti nyembamba kuliko nene, hivyo kilichokuwa sawa kwenye mazoezi ya Jumamosi kinakuwa kizito. Lazima mtu asikilize upya.

Ikwalaiza haitengenezi kibonyezo kilichokwama, wala haimzuii mpiga piano kugonga besi kwa nguvu wakati sauti ya nne inaimba. Hilo ni la mazoezi, na mwalimu wa kwaya ananisikia.

Ombi langu ni Jumapili mbili. Mama mmoja wa viti vya nyuma aketi pale pale anapoketi siku zote, ainue mkono maneno yakimfikia. Asiamue mtu wa mbele, maana sisi spika zimetupa mgongo. Tukishindwa, bahasha ya kwanza ya piano mpya itakuwa yangu. Tukifaulu, sauti ya pili wako tisa kwenye maikrofoni moja, na bei ya maikrofoni nimeshaiulizia.